Kisima cha Tisini na Sita

Sanduku lilifika Jumanne, barafu imeshayeyuka nusu,
na juu yake karatasi ya Oddvin Hamnes, imebanwa kwa utepe wa fundi bomba:
"Tisini na watano. Wote wasafiri. Nijibu haraka."

Ndani, vichupa vya spiriti,
na katika kila kichupa kipande cha pezi
kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho.
Hakuna kichwa, hakuna jicho.
Ndivyo chewa anavyoingia maabara: kama ukucha.

Kwa macho, makabila haya mawili ni pacha.
Udevu ule ule mmoja kidevuni, madoa yale yale mgongoni.
Mmoja amezaliwa humu horini, amekula humu, atazaa humu.
Mwingine huja na baridi ya Januari kutoka bahari ya juu kabisa,
tumbo limejaa mayai, hukaa wiki chache, huaga.
Sheria inamjua kila mmoja kwa jina:
msafiri avuliwe, mwenyeji aachwe, amebaki kidogo.
Nyavu hazijui kusoma.

Nikakata, nikayeyusha, nikazungusha mashine,
nikamtia kila mmoja katika kisima chake,
visima tisini na sita kwenye kibao cha plastiki,
konde la mpunga la siafu.
Cha mwisho, pembeni, ni maji matupu.
Kazi yake ni kunyamaza.
Kikisema neno moja, wote waliobaki ni waongo.

Sisomi samaki mzima. Nani ana umri huo?
Nachungulia alama themanini tu za vinasaba,
pale ambapo wa horini huandika hivi
na wasafiri huandika vile,
kama lafudhi: neno ni lile lile, ulimi umejikunja kidogo,
na anayesikiliza anajua
mtu huyu katoka upande upi wa mlima.

Saa nane usiku picha ikatulia kwenye skrini.
Nukta za buluu kushoto, za chungwa kulia.
Hamsini na wanane wenyeji.
Thelathini na wanne wasafiri.
Watatu kizingitini, hawaingii, hawatoki.
Maji yalinyamaza.
Kwa mara ya kwanza nilitamani yaseme.

Nilimpigia asubuhi. Nilisikia birika lake likichemka
mpaka likajichokea.
Halafu: "Baba alisema hori hili lina samaki wake.
Alisimama mkutanoni, mwaka wa sitini na tatu, kofia mkononi,
na yule bwana wa wizara akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.
'Samaki hana kwao, Anfinn,' ndivyo alivyomwambia.
Sasa ukiandika, andika jina lake."

Nikasema ripoti zetu haziandiki baba za watu.

"Andika."

Nikauliza nyavu.
"Nazitoa leo. Injini sijamaliza kuilipia,
lakini hilo si la vinasaba."
Na akakata simu, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango
ili joto lisitoke.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Humu mgeni alikuja,
na mwenyeji akatoka naye katika wavu mmoja,
miaka na miaka, kwa bei moja, bila kuulizwa kwao.

Ripoti ina kurasa nne.
Jedwali la pili, chini, kwa herufi ndogo,
penye chanzo cha sampuli, nimeandika:
Hori la Hamnes; wenyeji walitajwa kwanza na Anfinn Hamnes, mvuvi.
Torgunn atalifuta Jumatatu. Yeye hufuta kila kisichohesabika.

Wale watatu nimewarudisha kwenye friza,
nyuzi themanini chini ya sifuri,
wangojee alama nyingine,
au mtu mwingine atakayejua kuwauliza.